Nyuso Tatu za Kopo

Hatibu karudi na karatasi yenye mkwaju mwekundu.
Kopo lina nyuso ngapi? Kajibu tatu.
Bi. Entwistle kaandika pembeni: mbili.

Mimi ndio kwanza natoka zamu ya usiku, kiwanda cha maboksi,
hapa Bolton, mvua ikigonga dirisha kama mdai kodi.
Shahada sina. Mikono ninayo.
Kila usiku maboksi elfu mbili hunijia yakiwa bapa,
nayakunja yasimame:
nyuso sita, kingo kumi na mbili,
vipeo vinane, na hakuna ambacho hakijanichoma kidole.
Asinieleze mtu habari za nyuso.

Nikateka chai. Nikashusha kopo la nyanya.
"Chini?" Duara. "Juu?" Duara.
"Na hapa kati, penye picha?"
Mwalimu kasema hapo pamepinda, hapahesabiwi.
Pamepinda!
Na huu wangu, baada ya saa kumi za kusimama,
umenyooka?

Kisu cha mboga, mshono wa lebo, nikachana polepole.
Karatasi ikabanduka nzima, ikalala mezani
huku ikitaka kujikunja tena
kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.
Nikaibana kijiko huku, kijiko kule.
"Nini hiki?"
"Mstatili."
Akauzungushia kopo, ncha zikagusana.
"Mama, urefu wake ndio mzingo wa duara."
Hilo sikumfundisha. Kopo limemfundisha.

Tukachelewa shule kwa sababu ya majina.
Kwa nini pia inaitwa pia?
Kwa kuwa ina kitako duara na ncha moja,
na kwa ncha hiyo hiyo inacheza;
waulize watoto wa Pangani wenye kamba.
Na mche?
Mche ni mche. Unaanza na kitako, unapanda juu
bila kunenepa, bila kukonda.
Panda pembetatu, kisha uulaze: paa la nyumba za mtaa wetu.
Panda duara: lile bomba la kiwanda cha pamba,
lisilotoa moshi siku hizi.
"Lile linakonda juu," akasema Hatibu.
Nikalitazama. Kweli linakonda. Nikalifuta.

Mraba je? Njiani nikampa vijiti vinne na nyuzi.
Ukiusukuma bega, unalala upande, pembe zake zimepotea.
Pembetatu hailali. Sukuma utakavyo,
itavunjika kabla haijainama.
Nilimwambia hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika,
mtu na mbwa wake wakageuka.

Bi. Entwistle alikuwa langoni na mwavuli.
Kiingereza changu kina kona nyingi,
nikampa lebo badala ya maneno.
Akaikunja. Akaikunjua. Akaikunja.
Akasema mwongozo wa kusahihisha unasema mbili.
Nikasema mwongozo haujawahi kukunja boksi.
Alicheka, maji yakimwagika mwavulini hadi kwenye kiatu chake,
akatoa kalamu, na chini ya mbili yake
akaandika: *au tatu, mama akiwepo*.
Mkwaju hakuufuta.

Mchana, nilipopaswa kuwa nimelala,
swali la Hatibu la mlangoni bado lilikuwa limekaa kitandani:
tufe nalo, lina nyuso ngapi?
Hakuna kingo ya kuanzia. Hakuna kipeo cha kuchoma.
Nikaamka, nikachukua chungwa,
nikalimenya kwa mkato mmoja usiokatika,
nikalilaza ganda mezani, nikaliweka kijiko huku, kijiko kule.
Likainuka hapa. Nikabonyeza. Likapasuka kule.

Nimekunja maboksi miaka sita
na sijawahi kuona kitu kinachokataa meza namna hii.
Nikala chungwa.
Ganda nimemwekea.